Mistari Sita Kuanzia Chini

Mimi si mtu wa maneno. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, jibu hunijaa mdomoni na kukaa hapo mpaka mwenzangu alitoe. Nyumbani ni vivyo hivyo. Mama akiniuliza kitu mimi huinua mabega, naye hujijibia. Ndiyo maana likizo ya kumaliza kidato cha pili nilijikuta nimekubali kuhamia shule ya bweni Ukambani, na sikumbuki kusema ndiyo.

Mama husafisha ofisi Upper Hill, kwenye moja ya yale majengo ya vioo ambayo ukiyatazama wakati wa jua macho yanauma. Walimbadilishia zamu, akawa anatoka nyumbani wakati mimi naingia. Tunaishi wawili tu, chumba kimoja na jiko, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, na mlango wetu ni wa mbao nyepesi. Kila akiondoka ananiambia nisimfungulie mtu, anashuka ngazi, kisha anapanda tena kuniambia nisimfungulie mtu. Kwa hiyo mjomba, kaka yake anayefundisha katika shule hiyo ya bweni, alipopiga simu kusema kuna nafasi ya kidato cha tatu, mama aliona Mungu amejibu.

Aliniuliza akiwa anasukuma chapati. Alisema nitakuwa nalala hukohuko, nakula hukohuko, na macho ya mjomba yatakuwa juu yangu, je, naonaje. Nikainua mabega. Akageuza chapati, akasema basi, ni vizuri.

Haikuwa vizuri hata kidogo. Shule ya mjomba haifundishi sanaa, na kidato cha tatu ndipo mtu anachagua masomo ya mtihani. Mwaka mzima nilikuwa nikitoka shule napitia Lavington, mtaa wa matajiri, nikichora mageti. Mageti tu, na walinzi wanaokaa mbele yake. Mmoja aliwahi kuniita kwa ukali akitaka kujua kama napeleleza nyumba ya mwajiri wake. Nikamwonyesha karatasi. Alikuwa ni yeye mwenyewe kwenye kiti chake cha plastiki, redio miguuni. Alitazama muda mrefu, kisha akasema ile pua si yake. Mwalimu wetu wa sanaa alizibandika picha hizo zote ukutani, na kwa mara ya kwanza watu waliniuliza maswali niliyotaka kuyajibu. Nikienda kwa mjomba, hayo yangeishia hapo, na si kwa muhula mmoja. Masomo yakishachaguliwa yamechaguliwa.

Nilijua kwamba ninachotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Nilijua pia kwamba siwezi.

Ghorofa ya juu ya nyumba yetu anaishi mama mmoja Mluhya ambaye mimi humwita anti, ingawa hatuna undugu. Alipokuwa msichana alisomeshwa China, na sasa ni mkalimani. Ana ofisi mjini, upande wa River Road, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, na wafanyabiashara humletea karatasi za mizigo yao awatafsirie. Likizo ile mama alikuwa analala mchana baada ya zamu na alihitaji utulivu, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nashuka mjini na anti, nakaa ofisini kwake nikichora, nikimchemshia chai, nikitakiwa kupokea simu ambazo sikuzipokea kwa sababu naogopa simu.

Hapo ndipo nilipoona ramli ya Kichina. Kukiwa hakuna kazi, anti alikuwa anatoa sarafu tatu za shilingi kumi, anazitikisa viganjani na kuzirusha mezani. Sarafu hizo upande mmoja zina simba na upande wa pili nembo. Simba wawili na nembo moja, ni mstari uliokatika. Nembo mbili na simba mmoja, ni mstari mzima. Zikifanana zote tatu kuna maelezo mengine, ambayo alisema tutayafikia nikikua. Anarusha mara sita, anapata mistari sita, na mistari hiyo ikipangwa mmoja juu ya mwingine inakuwa mchoro wenye jina. Yeye hakuwa anachora. Alipanga njiti za kiberiti. Njiti nzima ni mstari mzima, njiti iliyovunjwa katikati ni mstari uliokatika. Njiti zilizovunjika zilijaa kwenye droo yake hadi siku moja tulikosa ya kuwashia jiko.

Jirani yake wa mlango wa pili, jamaa anayeuza makava ya simu, alipenda kuchungulia na kumwita mganga wa Shanghai. Aliponiona mimi nimekaa pale siku ya tatu mfululizo, na akaisikia lafudhi yangu nikimsalimia, alifurahi sana.

"Sasa umeajiri na Mkamba. Hapo dawa itafika mpaka kwa landilodi."

"Ikifika nitamwambia aanze na wewe," anti akamjibu. "Kodi yako ya Novemba iko wapi?"

Akacheka, akaenda zake. Mimi niliona haya, kwa sababu shuleni pia hutaniwa hivyo, Wakamba na uganga, na kwa sababu mama ni mzee wa kanisa na kama angejua nimekaa mbele ya ramli angenitoa ofisini humo akinivuta sikio. Nilimwambia anti hivyo, kwa maneno machache niliyonayo. Alisema yeye si mganga na sarafu hazijui chochote. "Zinakulazimisha tu ukae na swali lako mpaka likuchoke," alisema. "Watu hawakai na maswali yao. Wanayakimbia."

Kuna michoro sitini na minne. Nilidhani atanifundisha mmoja mmoja, kama tunavyofundishwa mambo mengine yote. Yeye alinifundisha miwili miwili. Alikuwa anachora mchoro kwenye karatasi upande wangu, ananipa jina lake, halafu anaigeuza karatasi juu chini. Mistari ni ileile, lakini mchoro ni mwingine na jina ni lingine. Alisema waliopanga michoro hiyo zamani waliiweka hivyo makusudi, kila mmoja na mwenzake aliyepinduliwa, na kwamba ni minane tu kati ya yote ambayo ukiipindua inabaki vilevile. Hiyo nayo ilitafutiwa wenzake kwa njia nyingine. Hakuna mchoro ulioachwa peke yake. Na mtu asomaye mmoja bila kuuliza kuhusu mwenzake, alisema, ni kama mkalimani anayetafsiri upande mmoja wa kikao.

Nilielewa vizuri siku alipokuja mama mmoja muuza mapazia. Alikuwa amegawana kibanda na mdogo wake na alitaka kujua kama aliharibu. Njiti zilitoa mchoro unaoitwa Kupungua. Yule mama uso ulimwanguka papo hapo. Anti hakumwambia pole. Alimwuliza, ikiwa yeye amepungua, ni nani upande wa pili ameongezeka, kwa sababu Kupungua kukipinduliwa ni Kuongezeka. Yule mama alifikiri, akasema ni mdogo wake, na kwamba mdogo wake ana watoto watatu. Hakuondoka akiwa na furaha, lakini aliondoka akitembea kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka kazi.

Basi, mimi nami nikaamua kuuliza. Sikutaka kumuuliza anti, kwa sababu ningelazimika kulitamka swali. Nilingoja mchana mmoja ambao anti hakwenda mjini, mama amelala akijiandaa kwa zamu, nikachukua sarafu tatu kwenye kikombe chake cha nauli, nikakaa jikoni na karatasi. Swali langu lilikuwa: nimwambie mama kwamba sitaki kwenda? Nilirusha polepole juu ya taulo ili zisilie. Wa kwanza ulikatika. Wa pili mzima. Wa tatu ulikatika. Mitatu iliyobaki yote mizima. Niliandika kila mstari chini ya mwenzake kama ninavyoandika kitu chochote, na nilipomaliza niliutambua mchoro mara moja, kwa kuwa ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza niliyofundishwa. Juu maji, chini mbingu. Mawingu yamejaa lakini mvua bado. Jina lake ni Kungoja.

Sijawahi kufurahia jibu kama lile. Nilihisi nimepewa ruhusa. Mtu mwenye haya ukimwambia angoje umempa zawadi kubwa kuliko zote, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tayari.

Kwa hiyo nikangoja. Mama akanunua godoro jembamba. Siku nyingine akaja na sanduku la bati, akanionyesha kufuli yake, akaniuliza kama rangi ni sawa. Nikainua mabega. Akanunua blanketi, akalisugua shavuni mwangu, akaniuliza kama halitaniwasha. Nikatikisa kichwa kwamba halitaniwasha. Akaniuliza kama kuna kitu amesahau. Akaniuliza kama huko kwa mjomba baridi ni kali, yeye aliyezaliwa huko. Nilimwona tu kama mtu anayenifungashia. Kila usiku nilijiambia mvua bado, mawingu yanajaa, siku itafika yenyewe. Ila picha nilikuwa sichori tena.

Ilibaki wiki moja mjomba aje kunichukua. Nikiwa ofisini na anti, hakuna mteja, nilianza kulia juu ya karatasi ya forodha ya mtu. Anti aliivuta kwanza karatasi, kisha akanipa leso. Ilinichukua muda kumwambia yote, lakini nilimwambia, pamoja na sarafu za jikoni. Alisikiliza vizuri. Niliposema nilipata Kungoja alikunja uso kidogo, akanisukumia njiti.

"Hebu nipangie. Vile zilitoka."

Nilichukua njiti iliyovunjika, ile ya mrusho wa kwanza, nikaiweka mbali nami, karibu na kalenda yake. Nikaweka ya pili chini yake, ikija kwangu. Kabla sijaweka ya tatu aliushika mkono wangu.

"Hiyo ya kwanza umeiweka wapi?"

"Juu."

"Na nani alikufundisha kuanza juu?"

Nikamwambia ni yeye. Nimemwona akiwapangia wateja, kila siku, na njiti ya kwanza huiweka upande wa mbali. Aliniangalia, akaiangalia meza, akajiangalia tumbo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka muuza makava akachungulia. Michoro alikuwa amenichorea vizuri upande wangu, lakini kupanga njiti nilikuwa nimejifunza kwa kutazama tu, na nilikuwa nimetazama nikiwa ng'ambo ya meza. Njiti ya kwanza yeye huiweka karibu kabisa na tumbo lake, chini, na kupanda nayo. Kwangu mimi niliyekaa mbele yake, tumbo lake lilikuwa ndiyo juu.

"Mistari inaota, mama. Inatoka chini kama mahindi," alisema akijifuta macho. "Wewe umejenga nyumba ukianza na mabati."

Akanisimamisha, akanikalisha kwenye kiti chake, akazipanga njiti zote sita upya kuanzia chini. Uliokatika, mzima, uliokatika, mzima, mzima, mzima. Sasa mbingu ilikuwa juu na maji chini. Mbingu inapanda, maji yanashuka, kila mmoja anashika njia yake na katikati yao kuna maneno ambayo hayajasemwa. Niliujua huo pia. Alinifundisha siku moja na ule mwingine, karatasi ileile iliyogeuzwa. Unaitwa Kesi.

Nilimwuliza kama hiyo inamaanisha nimekosea kungoja. Nilimwuliza pia kama tunaweza kurusha tena. Alikataa kurusha tena. Alisema swali likishajibiwa, kurudia ni kumkatiza mtu anayezungumza. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kesi ni yako. Na Kungoja ni ya nani?"

Nikasema si ya mtu. Ilikuwa ni makosa yangu ya kupanga.

"Makosa yako yamekuonyesha mchoro wa mwenzako. Aliyekaa ng'ambo ya meza anaona nini?" Alikipiga kiti nilichokuwa nimekikalia mwanzoni. "Kwa hiyo nyumba yenu mko wangapi?"

Nilikuwa nawaza blanketi shavuni mwangu. Nilikuwa nawaza rangi ya sanduku, na lile swali la baridi ya huko, na jinsi mama alivyokuwa akisimama kila mara baada ya kuuliza, mkono kwenye kitasa, kabla ya kwenda kazini. Mtu anayetaka kukufungashia tu hahitaji kukuuliza kuhusu baridi ya mahali alipozaliwa yeye. Alikuwa anangoja. Sikujua anangoja nini hasa, pengine niseme ndiyo vizuri ili atulie, pengine niseme hapana, lakini aliyekuwa amekaa upande wa Kungoja wiki zile zote ni mama, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya kiti.

Nilimwomba anti amwambie yeye. Wanaelewana, hukopeshana sukari, yeye anajua kupanga maneno. Alirudisha njiti kwenye droo akisema hapana.

"Mimi ni mkalimani wa Wachina. Wewe na mamako mnaongea lugha moja."

Nilichagua Jumapili, tukitoka kanisani, kwa sababu siku hiyo mama hana zamu na hupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na muthokoi haukimbiliki, unamweka mtu jikoni mpaka uive. Niliamua pia nitaanzia wapi. Nikiwa na jambo gumu mimi hulizunguka. Ningeanza na mabati: kwamba mwalimu wa sanaa anasema hivi, kwamba shule ya mjomba iko mbali, kwamba huenda chakula hakitanikubali. Niliamua kwamba nitaweka chini kile cha chini, hata kama sauti itakatika, na mengine yatakaa juu yake.

Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye sinia. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda.

"Mama, sitaki kwenda."

"Kwenda wapi?" Hakuinua kichwa.

"Kwa mjomba. Shule."

Vidole vyake viliendelea kidogo na maharagwe, halafu vikasimama. Akaniuliza kama ni leo ndio nimepata mdomo. Akasema godoro limenunuliwa, sanduku limenunuliwa, mjomba ameenda kumpigia magoti mwalimu mkuu, na mimi muda huo wote nimeinua mabega kama kuku aliyenyeshewa. Alisema mengi, na sauti yake ilikuwa inapanda. Kawaida mtu akinipandishia sauti mimi huomba msamaha hata kama sijui kosa. Nilizishika pande mbili za kigoda. Nikasema tena kwamba sitaki kwenda. Nikamwambia kuhusu sanaa, kuhusu ukuta wa darasa, kuhusu mageti ya Lavington.

"Kuchora," alisema. "Nikuache nyuma ya ule mlango peke yako kwa sababu ya kuchora mageti ya watu."

"Ndiyo."

"Na ukivamiwa, utawachora?"

Karibu nicheke, naye akaona, na nadhani hiyo ilimpunguza kidogo hasira au ilimwongeza, sijui. Nikamwambia nimefikiria. Maktaba ya shule hufungwa jioni, nitakaa humo. Ikifungwa nitapanda kwa anti, nilale hukohuko. Anti nimeshamuuliza, amekubali. Nilikuwa sijawahi kumwambia mama mpango wowote maishani mwangu. Aliniuliza kwa nini nimeeleza yote haya sasa na si siku ile ya chapati.

Ningeweza kusema niliogopa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na sikujua pa kuishia. Nikamwambia nilirusha sarafu, za ramli ya Kichina, zikaniambia ningoje, halafu ikawa nimezipanga vibaya.

Sufuria ilikuwa inatokota. Nilingoja jina la Yesu. Nilingoja jina la pastor. Mama aliweka sinia chini, akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

"Kwa hiyo ulimuuliza Mchina kabla ya kuniuliza mimi."

"Si Mchina, mama. Ni sarafu."

"Sarafu za nani?"

"Zako. Za nauli. Nilizirudisha."

Aliinuka, akafunika sufuria ambayo ilikuwa imefunikwa tayari. Alikuwa amenipa mgongo aliponiambia kwamba yeye hakuwahi kutaka niende. Alitaka niseme. Alinunua vitu vile kimoja kimoja, kwa siku tofauti, akidhani kila kimoja kitanitoa neno. Alisema hakuna mtoto anayepakiwa kimya kimya kama gunia, na kwamba kila nilipoinua mabega alizidi kuona labda nina hamu ya kumwacha na naona haya kumwambia. Hilo halikuwahi kunipitia akilini. Nilitaka kumshika lakini sisi hatushikani sana, kwa hiyo nilichukua sinia nikaendelea na maharagwe.

Baadaye kidogo alisema kuhusu ile ramli atazungumza na anti, na mimi nitafunga siku moja na kuomba, na sitachukua tena sarafu zake kwa kazi ya aina hiyo. Nikasema sawa. Halafu akasema kwamba yeye hatampigia mjomba.

"Ile 'ndiyo' nilikusemea mimi. Hiyo 'hapana' utaisema mwenyewe. Na utamwambia usoni."

Mjomba alikuja Jumamosi na pikapu ya rafiki yake, akaegesha Adams Arcade kwa sababu njia ya kwetu ni nyembamba. Tulimfuata huko na mama. Mama alisimama karibu na duka la mikate, mbali kidogo, mikono ameikunja. Mjomba ni mtu mkubwa mwenye mizaha ya walimu. Akaniambia mwanafunzi wake mpya hata salamu hana, akauliza sanduku liko wapi, kama nimelimeza. Watu walikuwa wanapita na mifuko yao. Nilijua akicheka nitapotea. Nikaanza kabla hajaendelea.

"Mjomba, siendi. Samahani kwa safari. Nataka kubaki nifanye sanaa."

Alimtazama mama juu ya kichwa changu. Mama akatazama mikate. Mjomba akaniuliza nani amenituma kusema hivyo. Nikamwambia nimejituma. Akaniuliza kama najua aliongea na watu wangapi kupata nafasi ile. Nikasema najua, na kwamba namshukuru, na kwamba siendi. Ilikuwa mara ya pili namwambia neno hilo na lilikuwa linakuwa jepesi. Alikasirika, sitasema hakukasirika. Aliondoa mizaha yote usoni na kwa mara ya kwanza nikaona amefanana na mama. Akasema kuna msichana wa jirani yake ambaye anaililia nafasi hiyo, na kwamba ataipeleka kwake leo leo, akifika tu, na nikijuta Jumatatu nisimpigie simu mtu.

"Mpe," nikasema. "Mpe yeye, mjomba."

Alikaa kwenye pikapu mlango ukiwa wazi, akitikisa kichwa. Kisha akatoa nyuma mfuko wa maembe aliokuwa amemletea mama, akaniwekea miguuni bila kunitazama, akafunga mlango. Tulimwona akiingia Ngong Road. Nilijua kwamba amekasirika na kwamba itachukua muda, labda mpaka Krismasi nyingine, na nilishangaa kwamba nimesimama bado.

Mama alikuja akachukua upande mmoja wa mfuko, mimi upande wa pili. Hakunisifu. Alisema Jumatatu, kabla hajaenda kulala, tutapitia shuleni kwangu, anataka kumwona huyo mwalimu wa sanaa kwa macho yake na kumwuliza maswali, na mimi ndiye nitakayeingia ofisini kwanza kusema tumekuja kwa sababu gani.

"Utaweza?" aliniuliza.

Nikamwambia nitaweza, na kwamba nitaanza na jina langu.